Trifon Ganev Bozhurov, Aliyechomwa Sindano Ili Apate Mtoto

Mheshimiwa Padri Evtim, mjane wa marehemu, mama yetu mkubwa Zdravka, ndugu wafiwa, wanamichezo wa zamani mliosafiri kuja kumsindikiza mwenzenu, majirani wa Gorna Lipa na nyote mliosimama hapa uani kwa sababu viti havikutosha, mimi naitwa Iskra, ni binti wa Dobri, mdogo wake marehemu, na nimepewa jukumu la kuwasomea historia ya baba yangu mkubwa. Jukumu hili alinipa marehemu mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, na nalitaja hilo mapema kwa kuwa kuna sehemu ya historia hii ambayo baadhi yenu mtatamani nisingeisoma.

Marehemu Trifon Ganev Bozhurov alizaliwa tarehe 14 Februari 1957, hapa hapa Gorna Lipa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Ganyo Bozhurov na Bibi Marga, ambao wote wametangulia mbele za haki. Ilikuwa siku ya kukata matawi ya mizabibu, wanaume wote wako shambani na chupa zao za divai, na mzee Ganyo alipoitwa alirudi mbio na mkasi wa shamba mkononi, mkunga akamzuia mlangoni akamwambia, "Acha hicho chombo huko nje, mzee, kilichotakiwa kukatwa humu ndani nimeshakikata," naye akacheka, kisha akakaa kizingitini akalia. Jina halikujadiliwa, kwa sababu siku hiyo ni ya Mtakatifu Trifon, na kwa wakulima wa zabibu mtoto wa siku hiyo huja na jina lake.

Alianza masomo katika shule ya kijiji Septemba 1964, ambako hesabu zilimsumbua na hakuna aliyejali, kwa kuwa akiwa na miaka kumi na mitatu alibeba kreti mbili za zabibu mahali ambapo wenzake walibeba moja wawili wawili. Wakati wa mavuno ya mwaka 1971 alipita hapa kocha Gavril Tashkov, akitafuta vijana wa kunyanyua uzito, akasimamisha gari, akamtazama, akamuuliza Bibi Marga, "Mama, huyu mnamlisha nini?" naye bibi akajibu, "Anakula tunachokula sote, halafu anakula cha mdogo wake," na baba yangu, ambaye amekaa pale mbele, anasema huo si utani, ndivyo ilivyokuwa. Januari 1972 marehemu akahamia bweni la shule ya michezo mjini, akiwa na sanduku la mbao na mtungi wa pilipili za kuchoma.

Ni katika bweni hilo, mwaka 1973, akiwa na miaka kumi na sita, ndipo vilipoanza vidonge. Viligawiwa asubuhi pamoja na bakuli la mtindi, kimoja, baadaye viwili, baadaye vinne, na viliitwa vitamini. Marehemu aliniambia kwamba katika miaka yote ile aliuliza mara moja tu, "Kocha, hizi ni vitamini za kazi gani?" naye Tashkov akamjibu mbele ya wenzake, "Za kukufanya unyanyue sana na uulize kidogo," meza nzima ikacheka, na yeye akacheka pia, akameza. Mwisho wa mwaka ule shingo yake ilikuwa imeshinda kola zote alizotoka nazo nyumbani, ndevu zimejaa, sauti imeshuka, na Bibi Marga alipomwona likizoni aliwaita majirani waje wamtazame, mmoja mmoja, kama wanavyotazama ndama aliyeshinda maonyesho.

Mwaka 1976 aliingia jeshini, akahudumu miaka miwili katika kikosi cha wanamichezo, na mwaka 1977 akapata medali ya fedha ya taifa kwa kunyanyua kilo mia mbili juu ya kichwa, medali ambayo mmeiona pale kwenye jeneza. Alipotoka jeshini aliajiriwa na kiwanda cha kufuma sufu, akaandikishwa kama fundi umeme, ingawa mwenyewe alikiri kwamba hakuwahi kugusa hata balbu, kwa kuwa kazi yake ya kweli ilikuwa ukumbini, asubuhi na jioni, na fundi umeme halisi, marehemu mzee Kosta, alikuwa akimsalimia kila akimwona, "Shikamoo, fundi, leo umeunganisha waya ngapi?"

Katika kiwanda hicho alikutana na Zdravka Petkova wa Dolna Reka, mfumaji, msichana wa miaka ishirini aliyemwambia siku ya kwanza asiegemee mashine yake kwani ilikuwa na umri wa babu yake. Walifunga ndoa tarehe 26 Septemba 1981. Siku hiyo, kama ilivyo desturi, bibi arusi aliwekewa chungu cha maji chenye ua jeupe na ua jekundu, akipige teke mlangoni ili ijulikane mtoto wa kwanza atakuwa wa kiume au wa kike, naye Zdravka akapiga teke la mtu asiyefanya mambo nusunusu, chungu kikaruka hadi kwenye banda la kuku, maua yote mawili yakatoka pamoja, watu wakapiga makofi wakisema mapacha, mapacha. Bibi Marga alianza kufuma soksi wiki hiyo hiyo, jozi mbili.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo karatasi ya kwanza ya historia hii, ile iliyoandaliwa na baba yangu, ilikuwa na sentensi moja tu: "Marehemu hakujaaliwa kupata watoto." Jana mchana, tukiwa jikoni tunamenya pilipili, nilimwambia baba kwamba sentensi hiyo siisomi, akanijibu, "Iskra, hapa si ukumbi wa mdahalo wa chuo. Utasoma medali, utasoma kazi, utashukuru watu, utakaa chini." Nikamwambia baba, watu wote wa kijiji hiki wakisikia "hakujaaliwa" watamgeukia mama mkubwa, kama walivyomgeukia miaka arobaini, na yeye mwenyewe kaka yako aliomba isiwe hivyo. Baba akasema, "Mambo ya ndani ya suruali hayasomwi mbele ya padri." Padri Evtim, nakuomba radhi, ila mambo ya ndani ya gauni la mama mkubwa yamesemwa mbele ya mapadri watatu waliokutangulia, kanisani, dukani, na kwenye foleni ya mkate, na hakuna aliyeona aibu.

Mwaka wa kwanza ulipita, wa pili, wa tatu. Kila Januari 21, siku ya wakunga, wanawake wa hapa walikwenda na mikate na divai kumnawisha mkunga mikono, na mwaka 1985 mama mkubwa alipofika na mkate wake, Bibi Marga alimwambia mlangoni, "Wewe baki hapa na makoti, bibi arusi, wanaomnawisha ni waliokwishazaa," naye akabaki ukumbini na makoti ya wanawake wenzake, huku ndani wanacheza, na mmoja wenu, ambaye yupo hapa na amevaa kitambaa cheusi kizuri sana, akatoka kuchukua leso yake mfukoni mwa koti akamwambia, "Mume dume la ng'ombe kama lile, shosti, kama shamba haliotishi basi kosa ni la shamba." Alikwenda mwaka uliofuata pia, akakaa na makoti. Nilimuuliza kwa nini alirudi, akasema, "Nisingekwenda wangesema najificha."

Hakuitwa kukanda mkate wa arusi ya mtu yeyote. Alipelekwa kwenye chemchemi za maji ya moto majira matatu ya kiangazi. Mwaka 1984 alipulizwa hewa kwenye mirija ya uzazi, kuona kama imeziba, katika hospitali ya mkoa, bila ganzi, akarudi nyumbani kwa basi. Mwaka 1986 alipasuliwa, akaambiwa kila kitu kinaonekana sawa, na walipomwambia hivyo alilia, kwa sababu angepata walau ugonjwa wenye jina. Siku hiyo daktari aliuliza jambo la maana, na inanichoma hadi leo kwamba aliliuliza na hakulisubiri jibu, alisema, "Na mume, ameshapimwa?" nesi akacheka, "Daktari, mume umemwona? Yuko koridoni, amejaza mlango," daktari akachungulia, akamwona baba mkubwa amesimama na maua mkononi, kifua chake, shingo yake, ndevu zake, naye akacheka, wakaendelea na mgonjwa anayefuata. Kipimo chenyewe ni kikombe na darubini. Hakihitaji kisu.

Nirudi nyuma kidogo kwa marehemu, kwa sababu wakati mkewe anapulizwa mirija, yeye naye alikuwa na safari yake. Machi 1984 aliumia mgongo akaachana na mashindano, na vidonge vikakoma siku alipofunga mkoba wake. Ndani ya wiki chache mwili ulimwangukia. Alilala mchana, alinyong'onyea, hamu ya mwanamke ikamtoka, na aliniambia alikuwa akikaa kwenye ukingo wa kitanda akitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akaenda kwa daktari wa klabu, ambaye naye ameshafariki na jina lake naliacha alale nalo, akamweleza yote, pamoja na kwamba wanatafuta mtoto. Daktari akampiga begani, akasema, "Umeishiwa, kijana, hakuna zaidi. Nitakujaza uanaume kwa sindano, mwakani uniite kwenye ubatizo."

Sindano ile ilikuwa na homoni ya kiume yenyewe, testosteroni, ile ile inayoota ndevu na kushusha sauti, na baada ya sindano ya pili marehemu aliamka mtu mpya, akabeba meza ya jikoni peke yake, akamchezesha mkewe uani mchana kweupe. Aliamini. Nani asingeamini? Mtoto hakuja, akarudi kwa daktari, naye daktari akaongeza dozi, na marehemu akashukuru.

Wapo mtakaosema, binti, unatufundisha somo la baiolojia msibani. Ndiyo, na ninawaomba mnisikilize, kwa sababu somo hili lingetolewa kwa watu wawili mwaka 1984 tusingekuwa tunazika mtu akiwa na huzuni aliyoibeba. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotuma ujumbe wa aina mbili kwenda kwenye korodani, mmoja unaziambia zitengeneze testosteroni, wa pili unasaidia mbegu zikue, na ubongo nao unapima damu muda wote kuona kama testosteroni imetosha. Mnakumbuka mzee aliyekuwa anachochea tanuru la shule yetu, jinsi alivyokuwa anaangalia kipimajoto cha koridoni kabla ya kuongeza makaa. Mkiweka jiko la umeme karibu na kile kipimajoto, mzee anaona joto limezidi, anaweka koleo chini anawasha sigara, na watoto wa ghorofa ya juu wanaandika wakiwa na glavu. Sindano ndilo jiko lile. Damu inajaa testosteroni ya nje, ubongo unaona imetosha, unanyamaza, ujumbe haufiki, korodani zinalala, na kwa kuwa mbegu zinahitaji testosteroni nyingi mno inayotengenezwa mle mle ndani ya korodani, inayozidi mara nyingi ile ya kwenye damu, mwanaume anaweza kuwa na ndevu, na kifua, na hamu, na sauti ya kutikisa madirisha, na asiwe na mbegu hata moja. Vile vidonge vya bweni vilikuwa homoni za namna hiyo hiyo, na vilifanya hivyo hivyo tangu akiwa na miaka kumi na sita.

Na jambo linalonikosesha usingizi ni hili, kwamba kule kuchoka kulikomtisha mwaka 1984 ndiko kulikokuwa mwanzo wa kupona. Wanaume wengi wakiacha, ubongo huanza tena kutuma ujumbe, polepole, kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, na mbegu hurudi. Alihitaji kusubiri, na mtu wa kumwambia kwamba kusubiri ndiyo dawa. Badala yake kila wiki ya tatu alishusha suruali akachomwa ili apate mtoto, na kila sindano ndiyo iliyomzuia asimpate, na mkewe akimshikia koti lake nje ya mlango wa chumba cha sindano, akimwombea.

Mwaka 1989 Bibi Marga alimwambia mbele ya mkewe, "Mrudishe kwao, bado una nguvu, utapata mwingine," marehemu akanyanyuka mezani akasema, "Mama, ukirudia neno hilo utakula peke yako," na halikurudiwa. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mama mkubwa aliniomba nisilisahau. Mwaka 1990 walikubaliana kuchukua mtoto katika nyumba ya yatima, msichana wa miaka mitatu aitwaye Elitsa, walimtembelea mara kadhaa, mtoto akazoea kumwita marehemu "mlima," lakini siku zikiwa zimekaribia marehemu akarudi nyuma, akamwambia mkewe kwa jina alilozoea kumwita, "Tungoje kidogo, Zdravke, daktari ameniongezea dawa, safari hii itakubali." Mtoto akachukuliwa na watu wengine. Mama mkubwa hakumgombeza. Alisema aliona jinsi anavyoamini, akashindwa.

Kiwanda kilipofungwa, mwaka 1992 marehemu alifungua ukumbi wa mazoezi katika ghala la kantini ya zamani, ambako vijana wengi wa hapa mlipitia, na sindano sasa alijichoma mwenyewe, akinunua kwa wachuuzi waliokuja na mabegi. Ndipo tukafika Novemba 1998, alipokwenda mjini Plovdiv kupasuliwa goti. Daktari Lilyana Arnaudova alimpima mwili mzima kabla ya upasuaji, kama inavyotakiwa, akaona korodani zimesinyaa, akamuuliza, "Mzee Trifon, unatumia nini?" akamjibu, "Vitamini," akamwambia, "Nitajie jina la vitamini," akataja. Akapimwa na mbegu, majibu yakatoka kesho yake, sifuri. Daktari akamkalisha akamweleza yote, akamwambia aache mara moja, kwa uangalizi, na akamwambia maneno ambayo marehemu aliyakumbuka neno kwa neno: "Mlete mkeo. Mkija wawili kuna mengi ya kufanya, zipo dawa za kuziamsha, zipo njia za maabara. Usije peke yako."

Aliacha sindano. Alikwenda peke yake. Mwaka 2000 alipimwa tena, mbegu chache zikaonekana, dhaifu, lakini zipo, daktari akamuuliza, "Mkeo yuko wapi?" akasema yuko kazini. Hakurudi tena. Mama mkubwa alikuwa na miaka arobaini. Ilihitajika sentensi moja, "Zdravke, ni mimi," na mtu aliyenyanyua kilo mia mbili juu ya kichwa hakuweza kuinyanyua, si mwaka ule, si uliofuata, si hata mwaka 2004, Bibi Marga alipokuwa kitandani akifa, akamwita mkwewe, akamshika mkono, akamwambia kwa upole wa kweli, "Nakusamehe, binti yangu, kwa kutompa mwanangu mtoto," naye mama mkubwa akainama akasema, "Asante, mama," na marehemu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, anajua.

Simtetei. Kwenye midahalo ya chuo nimejifunza kutetea upande wowote kwa dakika saba, na upande huu sikuupatia hata dakika moja. Ila nitasema kwamba aliwafukuza ukumbini vijana wote waliokutwa na dawa zile, mkamwona amekuwa mzee wa kisirani, na mmoja wenu alipomjibu, "Kwani wewe, kocha, ulijengwa kwa maziwa?" alisema, "Nilijengwa kwa ujinga. Toka nje." Mlidhani ni hasira. Aliwafukuza kama kumi, na kumi hao leo ni akina baba, wengine wameleta watoto wao hapa.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka 2019, kwa kukosa pumzi akipanda ngazi, ikagundulika moyo umepanuka na umechoka, na madaktari hawakusema kwamba ni sindano pekee, walisema zimechangia. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 9 Agosti mwaka huu wa 2023. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Wewe unasoma mambo haya chuoni. Yule daktari alinieleza, nikaelewa nusu, nusu nikaiogopa. Nieleze tena." Nikamweleza habari ya tanuru, kama nilivyowaeleza, naye akauliza, "Kwa hiyo kila moja?" nikamwambia, "Kila moja, baba mkubwa." Akasema, "Mwite."

Alimwambia mwenyewe, mbele yangu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. Mama mkubwa alimsikiliza akiwa ameshika bakuli la supu. Akauliza, "Unajua tangu lini?" Akasema, "Tangu tisini na nane." Mama mkubwa akaweka bakuli, akatoka, akasimama koridoni akiutazama ukuta, wanawake wa kufanya usafi wakampita na ndoo, wakamzunguka. Nilidhani anaondoka. Alirudi, akapima supu kwa kidole, akasema, "Imepoa, lakini utaila. Nitakugombeza ukipona." Akala. Kila siku mama mkubwa alipokwenda, marehemu alimuuliza, "Zdravke, hutaanza kunigombeza?" naye akasema, "Nimesema ukipona." Mimi nikaagizwa kwamba siku ya kusoma historia yake nisiseme hakujaaliwa, niseme ilivyokuwa, mbele ya watu, hasa wanawake, kwa kuwa ndio aliowaachia wamseme mke wake.

Tarehe 6 Oktoba 2023, asubuhi, Mwenyezi Mungu alimchukua, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Hakupona, na yale ambayo mama mkubwa alikuwa amemwekea bado anayo.

Jana jikoni, baba aliponikataza, mama mkubwa alikuwa dirishani akichambua ngano ya kuchemsha na kugawa msibani, tukamsahau, kama mnavyomsahau. Akasema bila kugeuka, "Dobri, mwache asome. Iskra, usimtukane, alikuwa mume wangu. Na ongeza kwamba hakuna aliyejua kukata mizabibu kama yeye." Nimeongeza. Marehemu ameacha mjane, mdogo mmoja, na mimi na kaka yangu Plamen ambao alitubeba mabegani hadi mabega yalipokataa. Watoto hakuacha, na sababu mmeisikia.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomhudumia kwa subira usiku na mchana, namshukuru Daktari Lilyana Arnaudova, ambaye amestaafu na ametuma maua yale meupe, nawashukuru wanamichezo wenzake waliobeba jeneza, ambao baadhi yenu mlikula mtindi ule ule na mna jambo la kwenda kuwaambia wake zenu leo, nawashukuru majirani kwa kuni, viti na mikate, nanyi wanawake wa Gorna Lipa mliopika tangu juzi nawashukuru pia, na sitaki muondoke mkiwa mmeinamisha vichwa, nataka mmsogelee.

Kabla ya kuelekea makaburini kila mmoja atapita kutoa mkono wa pole. Msianzie kwa baba yangu wala kwa jeneza. Anzieni kwa Zdravka Petkova Bozhurova, yupo pale karibu na mlango, amesimama, amekataa kiti. Mwenye neno la kumwambia alitamke kwa sauti, kama yale mengine yalivyotamkwa kwa sauti, na asiye nalo amshike mkono asiuachie haraka.

Baba mkubwa, uliniomba nisome, nimesoma mpaka mwisho, na wameanza kunyanyuka kwenda kwake. Pumzika kwa amani.